Rais Alisema, Vidole Vyako Vikakataa

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha, wewe ukitoka kwenye Kipsigis chako na mimi kwenye lugha ya kwetu ziwani. Miaka ya kwanza uliniita "yule wa ziwani." Chebet alipozaliwa nikawa Mama Chebet. Niliporudi kazini ukaanza kuwaambia wanawake wa kanisa kwamba mke wa mwanao ni mwalimu wa Historia na Serikali. Nadhani uliamini kwamba serikali yenyewe ndiyo ninayoifundisha.

Kwa hivyo siku ile redio iliposema Rais ametangaza kwamba wazee watatibiwa kwa bima ya serikali, ulinigeukia mimi. Ulikuwa umekaa mlangoni ukichambua mboga kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yote mawili.

"Umesikia, mwalimu? Rais amesema. Sasa hii macho yangu itafunguliwa."

Kesho yake ulivaa gauni lako la kanisani, tukaenda hospitali. Karani alikuwa kijana mpole. Aliinama akakushika mkono, akakuita bibi kwa Kipsigis: "Gogo, ni kweli Rais amesema. Lakini sisi hapa hatujaletewa maagizo yoyote. Mtambo wa kompyuta bado haujui."

Tulirudi nyumbani. Ukaniuliza kama mtu anayedai maelezo kwa aliyeuza kitu kibovu: "Kama Rais amesema na mtambo haijui, Rais ni nani?"

Nilikueleza vizuri sana, Mama. Nilisema Rais anaweza kutoa mwelekeo, lakini sheria inatungwa na Bunge. Nikasema waziri ndiye anayeandika kanuni, na korti inaweza kusimamisha yote ikiona katiba imevunjwa. Nikakwambia ni vizuri hivyo, kwa sababu rais anayeweza kutoa bima kwa neno lake anaweza pia kuiondoa kwa neno lake. Ulisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kuahidi anaweza peke yake," ulisema. "Kutibu ndio hawezi peke yake."

Nilicheka. Nikasema ndiyo, tungoje. Ukangoja. Ulingoja mwaka mzima ukiniuliza rangi za nguo za Chebet.

Kisha uandikishaji ukaanza kwa chifu. Ulikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Binti wa mtambo akakuwekea kidole gumba kwenye kioo, kikakataa. Akajaribu cha pili, kikakataa. Akavipangusa vyote kumi kwa kitambaa chenye maji, kimoja kimoja, na vyote vikakataa. Ulikuwa umechuma majani chai tangu ukiwa msichana, kwanza kwenye shamba kubwa la kampuni, halafu kwenye vichaka vyenu vya nyumbani. Alama za vidole zilikuwa zimekwisha. Binti akasema kwa aibu, "Mtambo unaona kama hakuna mtu."

Njiani nilikusikia ukirudia maneno hayo kwa Kipsigis, polepole.

Wiki chache baadaye likabandikwa tangazo sokoni kwamba maofisa wanakuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu kanuni za bima. Mimi nafundisha jambo hilo kila mwaka. Naliandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Sikuwahi kwenda hata mara moja. Nilikutajia tu tukinywa chai, nawe ukaweka kikombe chini.

"Twende."

"Mama, huko watu wanaongea tu."

"Na Rais alifanya nini? Si aliongea?"

Ukumbi ulijaa. Ulisimama ukinishika bega, ukasema kwa Kipsigis, nami nikatafsiri. Ulisema humlaumu Rais, alisema maneno mazuri. Ulisema mwalimu wako amekufundisha kwamba neno lake haliwezi kufika kwako mpaka lipite kwenye karatasi nyingi, na hilo umelikubali. Kisha ukainua mikono yote miwili, viganja mbele.

"Basi kwenye hiyo karatasi mniandike na mimi. Hii mikono ilikuwa na alama. Alama imebaki kwenye majani."

Wanawake wa nyuma, mmoja mmoja, wakaanza kuinua mikono yao. Ofisa aliyekuwa akiandika aliacha kuandika akatazama, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Sijui kama ni maneno yako yaliyobadilisha kitu. Najua kwamba kanuni zilipotoka, aliyekosa alama za vidole aliruhusiwa kuandikishwa kwa picha ya uso na ndugu wa kumthibitisha. Mimi ndiye niliyekuthibitisha. Pale palipoandikwa uhusiano, ulimwambia binti aandike "mtoto."

Walipofungua bandeji ya jicho la kulia baada ya upasuaji, ulinitazama kwa muda.

"Kumbe umezeeka, mwalimu," ulisema. Kisha ukanigusa shavu, ukanishukuru kwa Kipsigis. "Kongoi."

Ulipata miezi saba ya kuona kabla kifua hakijakuchukua. Ninachojutia ni ule mwaka mmoja. Nilikuwa na maarifa yote kuhusu mipaka ya Rais, na nikayatumia kukufundisha kungoja. Sasa nikifika kwenye somo hilo nawaambia wanafunzi wangu wafunge vitabu, nawaeleza habari zako.

Jumatatu iliyopita, wiki tatu baada ya mazishi, hospitali ilituma ujumbe: siku ya jicho lako la kushoto imefika. Ningeweza kupiga simu. Nilienda mwenyewe. Pale benchini alikuwapo mama mmoja kutoka huko Kimulot, aliyekuja siku isiyo yake na alikuwa akiambiwa arudi mwezi ujao. Nilimwambia muuguzi kwamba wewe hutakuja. Akasema pole, kisha akamwita yule mama achukue nafasi yako.

Alikuwa na wasiwasi, hakuja na mtu. Nikamwambia aingie, nitamngoja. Nilimshikia mkoba na leso mpaka alipotoka.

Pumzika, Mama. Sisi nyumbani tuko salama.

Mtoto wako,
Mama Chebet