Mzee wa Getini Alikuwa Anasema Nini

Jumatatu, 3 Machi

Kwa masikitiko makubwa naitangazia familia, majirani wa hapa Umoja na wote waliolifahamu, kwamba neno "Umeshindwa" limetutoka asubuhi ya leo. Lilikuwa na herufi kumi. Kisanduku cha maneno kwenye skrini kinachukua nane. Mipango ya mazishi inaendelea kwenye meza ya chakula, ambayo ndiyo ofisi yangu tangu Mama Nekesa anifukuze kwenye kochi.

Mhariri wa vitabu vya shule, mvi hadi masikioni, natafsiri gemu. Ni ile ya kumtembeza shujaa kijiji hadi kijiji, kuongea na kila anayesimama njiani, kupigana na nyoka na kuongezeka nguvu. Walioitengeneza ni kampuni ndogo ya Kijapani ambayo jina lake, likija kwetu, ni Kibanda cha Mvua. Inafungwa mwisho wa mwezi huu. Kisichokamilika kitazikwa nayo.

Nimemwambia Nekesa shida yangu. Binti yangu ana miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo anajua kila kitu. "Buda, si uandike tu 'Umelose'. Inaingia na nafasi inabaki."

Nilisali kimoyomoyo.

Jumatano, 5 Machi

Niliandika "Umekufa". Bi Harumi amerudisha. Yeye ndiye tunayeandikiana naye huko Japani; Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuombea maji, lakini kina adabu kubwa. Anasema kwenye mchezo wao hakuna anayekufa. Watu huchoka, hulala, huamka. Mwanzilishi wao, Mzee Hirano, alikataa kifo tangu siku ya kwanza.

Basi "Umechoka". Herufi nane kamili! Nilijipigia makofi.

Nekesa akachungulia skrini, akacheka hadi akakaa sakafuni. Huku mtaani ukimwambia mtu amechoka unasema viatu vyake vimechakaa. "Yaani jamaa ameumwa na nyoka, halafu gemu inamwambia hajavaa poa?"

Limebaki hivyo hivyo. Anayeona aibu anunue viatu.

Jumapili, 9 Machi

Bi Harumi ametuma historia ya kampuni, niigeuze kwa ajili ya ukurasa wa mwisho wa gemu.

Walianza watu watano katika chumba kimoja juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi ulipenya sakafuni. Wakati wa baridi walimshukuru dobi, wakati wa joto walifanya kazi miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Mmoja akichora, mmoja akitunga muziki, wawili wakipambana na mashine, Hirano akiandika maneno. Gemu ya kwanza haikuwika. Ya pili iliwalisha. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko wao. Mchoraji akaondoka katikati bila kuaga, na hadi leo milima ya upande wa mashariki haina rangi. Wakawaambia wateja ni theluji.

Halafu wakawa vibarua wa makampuni makubwa. Walichorea wenzao milango. Milango tu, ya majumba yasiyo yao. Bi Harumi anaiita "miaka ya milango". Sasa wamebaki watatu, na macho ya Mzee Hirano yamefifia. Wanaitoa upya ile gemu ya kwanza, safari hii kwenye simu, ndipo wazime taa.

Nimesoma mara mbili na nimekasirika. Watu kama hawa wanafungaje? Na wale waliotengeneza ile gemu ya kupanga peremende wako wapi? Wanakula vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Tatizo sasa lina sura. Mzee wa getini.

Kwenye mchezo huu kuna mzee amesimama kwenye lango la kijiji na taa mkononi. Kila ukirudi kutoka porini anakwambia maneno yale yale. Huyu tunajuana. Nilikulia Makongeni, nyumba za reli, na jirani yetu mmoja alikuwa na mashine ya gemu na kaseti moja tu, hii hii, ya Kijapani kitupu. Hakuna mtoto aliyeweza kusoma hata nukta. Lakini mzee alipofungua mdomo tulimwelewa papo hapo. Askari wa geti, taa mkononi, anakusimamisha ukitaka kuingia. Anataka kitu kidogo, nini kingine?

Tukampa. Mboga, dawa, na siku moja upanga mzima. Hakuna aliyethubutu kuingia kijijini mikono mitupu. Tulimchukia kama tulivyowachukia askari wetu wa kweli, na tulimwogopa vivyo hivyo.

Kumbe maskini hakuomba chochote. Kwa Kiingereza cha Bi Harumi, anakushukuru kwa bidii yako. Nimeandika "Asante kwa kazi nzuri" na kwenda kunywa chai.

Ijumaa, 14 Machi

Amerudisha "Asante kwa kazi nzuri". Amerudisha "Hongera". Amerudisha "Karibu tena", na hapo namwelewa, hiyo ni ya mlango wa hoteli. Amerudisha "Umerudi salama", akaandika "karibu, lakini hapana". Mimi ndiye huwa narudishia watu kazi zao na wino mwekundu. Sasa nakiri kwamba ni tabia mbaya.

Anaeleza hivi: si shukrani, si sifa. Ni kile mtu anachomwambia mwenzake anayetoka kazini, hata kama kazi haikwenda vizuri. Hasa kama haikwenda vizuri. Wale watano walikuwa wakiambiana hivyo kila jioni wakishuka ngazi za dobi, na ndiyo sababu Mzee Hirano alimpa mzee wa getini maneno hayo. Kwenye lugha nyingine walikubali chochote wakajuta. Kwa hiyo mstari huu usipokaa sawa, Kiswahili hakitoki.

Kazi yote, kwa ajili ya mstari mmoja!

Nimemwandikia, kwa hasira iliyovaa tai, kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu, nikamwongezea kisa cha rushwa ya Makongeni.

Jumatatu, 17 Machi

Kimya.

Jumanne, 18 Machi

Kimya. Nimemwita mzee wa watu mla rushwa mbele ya mzee aliyemtunga. Nekesa: "Buda, umeblokiwa." Mama Nekesa: "Hata mimi ningekubloki." Familia inanifariji sana.

Alhamisi, 20 Machi

Amejibu. Alimsomea Mzee Hirano barua yangu, na mzee alicheka hadi akaletewa maji.

Kisha akauliza swali. Siku za dobi, mmoja wa wale wa mashine alimshonea mzee wa getini mfuko kwa utani, ili mchezaji akitaka ampe kitu. Huko kwao ni kama hakuna aliyewahi kufikiria kumpa. Hakuna barua ya mchezaji iliyowahi kuutaja. Miaka yote hii hawakujua. Mzee Hirano anauliza: ule mfuko ulifanya kazi?

Nikarudi mezani.

Mwambie ulifanya kazi, nikaandika. Alikula mboga zetu zote.

Lakini mstari bado hauna maneno. Faili linafungwa Jumatatu. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike polepole.

Nilishinda mezani tangu asubuhi. Makaratasi kila mahali, kamusi tatu, gemu ikiimba wimbo wake ule ule. Jioni mlango ukafunguliwa, Mama Nekesa huyo, ametoka kwenye duka la dawa analouzia kule Kware. Mkoba bega hili, mtungi wa maji mkono ule, ngazi zote hizo. Sikuinua macho. Nilimuuliza kama amekumbuka mkate.

Akaweka mtungi chini. Akashika kiuno.

"Pole na kazi, Baba Nekesa."

Nikamwangalia.

"Poooole na kazi. Naona leo umepigana kweli. Umeua nyoka wangapi?"

"Mathee amemchapa!" Nekesa akapiga kelele kutoka chumbani.

Nilifungua mdomo nijitetee, kwamba hata hii ni kazi, na mdomo ukabaki wazi. Si shukrani. Si sifa. Anaambiwa anayetoka kazini. Hata kama haikwenda vizuri. Majirani wanaambiana hivyo madirishani kila jioni. Askari wetu wa hapa chini ananiambia hata nikitoka kununua kitunguu. Mhariri mzima, na nilimwandikia mgeni kwamba hatuna!

Nikapiga ukelele. Mama Nekesa akadhani ni moyo, akaanza kupekua mkoba atafute dawa.

Nimetuma. Nimeeleza kwamba "pole" yetu hii si ya kuomba msamaha. Ni kama kumshikia mtu mzigo upande mmoja.

Jumapili, 23 Machi

Jibu la Bi Harumi lina neno moja. "Ndiyo."

Baadaye likaja lingine. Mzee Hirano anauliza kwetu anayeambiwa hivyo hujibu nini. Kwao shujaa hajawahi kujibu. Kisanduku chake kipo, kitupu tangu siku za dobi.

Nikaandika "Nishapoa". Nikahesabu herufi. Nane.

Jumatatu, 31 Machi

Mtaa mzima unajua kwamba leo niliongea na Mzee Hirano kwa video, kwamba aliinama, kwamba tulipiga stori za dobi kama watu tuliosoma pamoja. Nimewaambia mwenyewe, kuanzia askari wa geti hadi kwa muuza mboga. Hapa niandike ilivyokuwa.

Simu iliita saa sita mchana, kwao jua likitua. Nikaona chumba chenye maboksi yaliyofungwa kwa gundi, na mzee mwenye miwani minene, akiangalia pembeni kidogo ya nilipo. Bi Harumi akamwambia jambo. Nikakohoa nikasema, "Pole na kazi, mzee." Mdomo wake ukaanza kufunguka. Stima zikapotea.

Ni hivyo tu. Sijui kama alisikia. Stima ziliporudi, hakuna aliyepokea. Nadhani walikuwa wameshashuka ngazi.

Gemu imetoka. Nekesa anasema ni ya wazee. Mchana nilipita nyuma yake nikamwona yuko getini, anampa mzee mboga.

Jioni nilisikia hatua za Mama Nekesa huko chini. Nilifunga kompyuta nikashuka hadi ngazi za ghorofa ya pili, nikamtua mtungi.

"Pole na kazi."

Aliniangalia vizuri, akitafuta nimevunja nini.

"Nishapoa," akasema.

Tukapanda.