Jini Linaloomba Sukari

Chanika,
Handeni.
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mwaija,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na nikianza na salamu zote nitaogopa na kuliacha tena. Yale mashetani yangu ya bwenini, Shangazi, si mashetani. Ni sukari inashuka.

Sasa nakusalimu. Habari za Mwanza? Mgongo unaendeleaje, na Hiza ameshapona kifua? Huku mvua zilikatika mapema, mahindi yamekaukia shambani, ila watu ni wazima. Na mimi ningeandika kwamba ni mzima, kama siku zote. Leo siwezi.

Ulipotuma zile kalamu za insulini uliniuliza zina tofauti gani na dawa ya hospitali. Nikakujibu "zote sawa tu", nisije nikaonekana mtoto wa kudeka. Si sawa. Ya hospitali, ile ya maziwa, lazima niiviringishe viganjani mpaka weupe uliotuama chini uchanganyike. Nikiwa na haraka ya kuwahi mstarini haichanganyiki vizuri, basi leo inakuwa kali, kesho nyepesi. Nachoma asubuhi, na mchana ndipo inapopata nguvu zake zote, niwe nimekula au sijala. Daktari wa Korogwe alisema haina ubaya, wengi wanaishi nayo, inataka tu chakula kwa saa yake. Shuleni kwetu chakula hakina saa yake. Kuni zikiwa mbichi, ugali unaiva saa tisa.

Yako ni maangavu kama maji, utadhani haina kitu. Nachoma mara moja kwa siku, inakwenda taratibu mchana na usiku, haina kupanda wala kuporomoka. Daktari alisema ipo na nyingine inayokaa hata zaidi ya siku nzima, ukichelewa kidogo haikusumbui, ila pale kwake haijafika. Mimi yako ilinitosha. Muhula mzima sikuanguka.

Zilipoisha nikarudi kwenye ya maziwa. Siku hiyo ugali ulichelewa, nikaanza kutetemeka, jasho, maneno hayatoki. Bwenini hakuna aliyejua kwamba najichoma, huwa najifungia chooni. Wanasema kisukari ni cha wazee. Husna akanikalia miguuni anasoma dua, Loveness naye anakemea kwa jina la Yesu, wakawa kama wanashindana.

"We jini, unataka nini?" Loveness akauliza.

Nikasema, "Sukari."

"Mmelisikia? Linataka sukari!"

"Msilipe," Husna akasema. "Mkilipa leo, kesho litataka halua."

Wakacheka, mimi nalia. Matroni ndiye aliyenimiminia soda mdomoni, ili ninyamaze tu. Nilipozinduka wakasema limeondoka, na mimi sikukanusha. Mwenye jini wanamwogopa. Mwenye kisukari wangemhurumia, na mimi kuhurumiwa ndiko kunanitia aibu zaidi.

Nikarudishwa nyumbani. Mama akasema tukuombe kalamu nyingine, akaniambia nimsomee Bibi, mwenye simu, jina la dawa lililoandikwa kwenye boksi. Nikasoma vizuri, kama tulivyofundishwa Kiingereza: glajini.

Bibi alikuwa anakata mchicha. Kisu kikasimama. "Rudia."

"Glajini."

"Haya, mama Hafsa, umesikia kwa masikio yako. Mwanangu Mwaija kamtumia mtoto jini kwenye kalamu, maskini, bila kujua. Lilitulia kwa sababu lilikuwa na pa kukaa. Kalamu zimeisha, limehamia kwa mtoto."

Hapo ndipo ningesema. Mama alinitazama kabisa, kama ananipisha. Nikaangalia mchicha. Ndiyo maana ulipata ujumbe kwamba usitume tena.

Kesho mganga, Mzee Sufiani, anakuja kunipunga hilo jini. Ameagiza nisijichome kitu mpaka amalize, na kumaliza kwake ni wiki. Anasema jini halipandi penye sindano. Chupa yangu ya dawa ilikuwa kwenye chungu cha maji isipate joto, Bibi ameitoa, sijui kaiweka wapi. Unakumbuka kabla sijaanza sindano, uliponibeba kunipeleka hospitali Korogwe, napumua kama niliyekimbizwa? Wiki nzima bila sindano ni nyingi, Shangazi. Bibi ni mama yako, wewe anakusikiliza. Lakini simu analala nayo yeye, na barua hii Twaha wa bodaboda ataifikisha stendi siku atakayokumbuka. Utaisoma mambo yameshapita. Najua. Naandika hivyo hivyo.

Wanasema jini likipanda huulizwa linataka nini, na likitaja hupewa. Nimewaza niseme "glajini". Kisha nikaona watakavyopokea: watasema limetaja jina lake.

Msalimie sana Hiza, na dada Elina jirani yenu. Mwambie Hiza lile daftari langu la Kiingereza akija alichukue, lisikae bure. Mungu akulinde huko uliko, mgongo upoe, na usije ukajilaumu kwa zile kalamu. Zilikuwa ndizo siku zangu nzuri.

Ni mimi wako nikupendaye, hata ninaponyamaza,

Hafsa

Kandambili za Bibi zinakuja ukumbini, na nyuma yake mkongojo wa Mzee Sufiani. Si walisema kesho? Naiweka chini ya godoro, Sha