Kandambili ya Ani Yangzom

Mpendwa Amala Kyizom wa safu ya ushauri, naomba msaada, ila kwanza natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba Jumanne alasiri, mbele ya watawa wa kike arobaini na mbwa wawili, kandambili ya bluu, ya mguu wa kushoto, ilikatika ukanda katika ua wetu wa mijadala. Marehemu alikuwa na umri wa miezi minne.

Mimi nawafundisha watawa hawa mantiki mwaka wa kumi na tisa sasa, wakiniita Genla, yaani mwalimu, kitambi kimeipita elimu, na siku hiyo nilikuwa nimeketi chini kama mtetezi, Ani Yangzom mwanafunzi wangu amesimama kuuliza, nami nikatoa hoja yangu ya siku zote, kwamba hasira yote hutokana na kosa tunaloliona kwa mwingine, naye akapiga kofi kwa viganja vyake, desturi ya muulizaji, akakanyaga kwa kishindo, akasema, "Genla, ukijigonga kidole kwa nyundo, unamkasirikia nani?" nikasema, "Nyundo," akasema, "Maskini nyundo! Kosa lake nini, kukutii?" ua mzima ukacheka, nikasema, "Haya, najikasirikia mwenyewe," akasema, "Kumbe Genla ndiye mwingine wake Genla?" nikawatazama mbwa, akakanyaga tena, ukanda ukakatika, nami nikainuka upesi, "Basi, mjadala umevunjika, Ani hana kiatu!"

Sasa wazee wanataka kujua kama alinishinda, maana mtawa mmoja tu atatuwakilisha kwenye mjadala mkuu wa majira ya baridi na orodha inafungwa Ijumaa, nami nimewaambia hatukumaliza. Yeye ananiletea chai ya siagi kama kawaida, nami namrudishia kikombe kimejaa. Nifanyeje?

Genla wa mlimani

Genla,

Pole kwa kandambili. Wewe sikupi pole bado.

Jikoni kwangu nasikia makofi yenu kila siku, na nawaonea wivu. Watu wazima mnabishana mpaka mishipa ya shingo inasimama, halafu mnakwenda kula pamoja! Mume wangu, mungu wa nyumba yake, miaka thelathini sikumsikia akisema "nakubali" hata mara moja. Nyinyi mmelifanya neno la kazi, na wewe unalikimbia?

Hoja yako ilikuwa na tundu miaka kumi na tisa. Ulimfundisha binti wa watu kutafuta matundu bila kumwogopa yeyote, amelipata, unamficha nyuma ya kiatu. Aibu, Genla. Tena usimwombe radhi kando kando. Alhamisi, ua ukijaa, keti palepale, mwambie aulize upya, na useme "nakubali" mpaka mimi nisikie huku. Kisha waandikie wazee kilichotokea. Na mnunulie kandambili, ngumu.

Amala Kyizom

Ijumaa Genla alituletea gazetini nakala hii ya barua yake kwa wazee, akaturuhusu kuichapisha:

Waheshimiwa wazee, Ani Yangzom aliniuliza maswali matatu. Mawili niliyajibu vibaya. La tatu sikulijibu kabisa. Nilinyamaza hadi mbwa mmoja akalala. Ukanda ulikatika baada ya hapo. Jana nilisema "nakubali." Nilidhani yameisha, lakini alipiga kofi akauliza, "Kwa nini unakubali?" Tulibishana mpaka mvua ikatufukuza, na hoja iliyobaki imesimama ni yake. Jumatatu naanza kuifundisha, kwa jina lake.