Kikohozi cha Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Agosti 1987. Matiliku.
Sare mbili za shule na mfuko wa koti, basi. Zamani ningemaliza hizo kabla ya chai. Mguu unataka kukanyaga cherehani, pumzi haitaki. Nimekunywa kwa kikombe changu cha bati, kile cha msumari wa nje. Sijui kwa nini bado nakitundika nje. Hakuna wa kukigusa. Syombua alimchukua binti yetu Mwende wakaenda kwa mamake, Mbooni, siku ile niliambiwa ni TB. Simlaumu mke wangu. Namlaumu.

Alhamisi, 6 Agosti.
Sindano nilimaliza. Tembe nilimaliza. Kikohozi ni kilekile, kikavu. Baba alikufa nacho. Kaka yangu Mutiso pia. Mwenye duka jirani anasema tumelogwa. Mzee wa kanisa anasema nisali, lakini anasemea mlangoni. Jumanne naenda hospitali kubwa. Wanipe ugonjwa wowote, mradi usiwe wa kuambukiza.

Jumanne, 11 Agosti.
Si TB! Daktari ameinua picha ya kifua dirishani. Mapafu yana makovu, yamekakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Akatazama ncha za vidole vyangu zilivyovimba, akauliza nani mwingine kwetu alikohoa hivi. Nikamtajia. "Hii si ya kuambukiza, mzee. Rudi ukale na watu wako." Dawa ya kuondoa makovu hakuna. Sikujali hata. Nimemtuma dereva wa lori la machungwa amwambie Syombua warudi. Nimeng'oa ule msumari.

Jumatano, 12 Agosti.
Jana furaha ilinitia uziwi. Leo nakata kitambaa, maneno mengine ya daktari yakanirudia. Kwamba kuna nyumba ambazo ugonjwa huu hufuata damu, mzazi hadi mtoto. Si watoto wote. Nani, hawezi kusema.
Baba, Mutiso, mimi. Sote tulipata mvi kabla ya kuoa. Tulijivunia! Watu walitupisha kwenye kiti kama wazee. Nilimuuliza daktari kuhusu mvi, akasema hajui kama zinahusika. Mimi naona zinahusika.
Nilimwepusha Mwende na kikombe. Kumbe kama ni kumpa, nilimpa kabla hajazaliwa. Naogopa. Nitume neno wasije? Ili iweje?
Kitambaa nimekikata vibaya.

Jumapili, 16 Agosti.
Wamefika. Syombua amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, nyumba inanukia watu tena. Bado sijamwambia habari ya damu. Mwende amerefuka. Amechukua kikombe changu bila kuuliza, akanywa nusu, akanipa. Nikanywa.
Alipoinama kupuliza moto nikaona unywele mmoja mweupe juu ya sikio.
"Nini, Baba?"
"Majivu."
Akajipangusa.
Nikamwambia yametoka.