Sanduku la Bibi Edita

Nkubu, Meru
3 Machi 2024

Kwako Makena, daktari wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai hiyo baridi ya Minnesota haijakumaliza. Sisi tu wazima. Goti linanisumbua nikipanda kwenda kanisani, lakini nikishafika naimba kuwashinda wenye magoti mazuri. Hii nimeandika kwa mkono nikupigie picha, maana simu ni ya kusalimia. Jambo la maana linataka karatasi.

Barua yako niliwasomea kina mama wa chama, yote. Nikawaambia, mtoto wangu ndiye anayemwogesha na kumlisha Bibi Edita, Myahudi wa miaka tisini na tano aliyenusurika vita vya Hitler, tena hataki kuguswa na mtu mwingine Richfield nzima. Mama Griffins akauliza kama wewe ni daktari au mtunza wazee. Nikamwambia kama yeye haoni tofauti asijali, hata mimi siioni.

Sasa umesema mwanawe, Joel, anampeleka kwenye nyumba ya wazee huko Apple Valley kwa sababu ameanguka mara mbili, na wewe ndiye utakayemfungia vitu. Sikiliza mama yako. Penye watu wengi vitu hupotea. Andika jina lake kwenye sanduku kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na mwaka wa kuzaliwa, kama nilivyokuandikia lile la bati ulipokwenda Form One. Wenzako waliibiwa hadi ndoo. Lako nani aligusa?

Mama yako anayejivunia,
Mama Makena


Richfield
12 Machi 2024

Mama mpendwa,

Hujambo, na goti je? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sio. Tafadhali hii usiwasomee.

Jumamosi niliandika jina. Nilijipongeza hata, herufi zimenyooka: E. POLLAK 1929. Nikaliweka sanduku mlangoni. Bibi alipotoka chumbani akaliona, akasimama. Hakupiga kelele. Alirudi akavaa koti la baridi, akavaa viatu, akakaa kitandani. Akaniuliza kwa sauti kama ya mtoto, "Treni ni ya saa ngapi?"

Mama, wakati wa Hitler Wayahudi waliamriwa hivyohivyo. Jina, mwaka, rangi nyeupe. Alikuwa na miaka kumi na tatu walipomtoa Prague na mama yake, wakawapeleka kambi ya Terezín. Kutoka Terezín, Auschwitz. Waliposhuka wakaambiwa masanduku yaacheni hapo, mtaletewa. Hayakuletwa. Baadaye yeye akachaguliwa kwenda kufanya kazi Hamburg, mama yake akabaki. Mwisho Bergen-Belsen, ndiko Waingereza walikomkuta. Namba waliyomchanja mkononi huko kambini nimekuwa nikiiosha mwaka mzima na sijawahi kuuliza.

Sasa ananihesabia hizo sehemu kwa vidole vinne. Kisha anashika cha tano, ananiuliza, "Na hapa panaitwaje?"

Leo ni siku ya tatu hajala. Chai anaishika mpaka inapoa. Hajakubali kuvua koti. Daktari amesema ikifika wikendi hivi atalazwa, na mwili wake hautastahimili. Joel aliliona sanduku akanigeukia: "Nani alikufundisha hivi?" Nikasema, mama yangu. Ijumaa kampuni iliyoniajiri inaamua kama nitaondolewa kwake.

Mwanao,
Makena


Nkubu
13 Machi 2024

Makena mwanangu,

Leo sikuulizi habari, nimeshaziona. Kosa ni langu, mwambie Joel hivyo. Huyo wa kampuni nipe namba yake nimpigie, Kiingereza changu cha darasa la saba kitatosha.

Kabla ya Ijumaa msomee Bibi haya, polepole:

Bibi Edita, mimi ndiye mama wa Makena. Rangi ile ni yangu. Niliandika jina la mtoto wangu kwenye sanduku ili lirudi. Kila shule ikifungwa lilirudi, limebonyea, na mtoto nyuma yake amekonda. Nililiona jina kabla sijamwona yeye, nikajua wangu amefika. Sikujua kuna watu waliowaandikisha wenzao majina kisha wakachukua masanduku, wakachukua na mama zao. Nisamehe. Hilo sanduku asilishike mtu mwingine. Na ufunguo wa nyumba yako uvae shingoni, kama Makena alivyokuwa akivaa wa kufuli lake.

Basi. Jina usilifute mpaka aseme mwenyewe.

Mama yako


Nkubu
22 Machi 2024

Makena,

Ijumaa ile imepita, na leo ni nyingine. Simu yako inaita tu. Kina mama wameuliza barua ya daktari iko wapi, nikasema imekwama posta. Mama Griffins akacheka, anajua fika wewe hutumii posta.

Niambie tu kama anakula.

Mama


Richfield
25 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumai u mzima, na unisamehe kwa kunyamaza. Kampuni ilinizuia wiki nzima, na sikutaka kukuandikia habari isiyo na mwisho.

Barua yako nilimsomea Alhamisi, siku moja kabla sijaondolewa. Alinikatiza mara moja tu. "Lilirudi? Kila mara?" Nikasema, kila mara. Akafungua vifungo vya koti, akaomba yai.

Nilipokosekana akawa anamuuliza Joel yule wa sanduku yuko wapi. Joel mwenyewe akawapigia kampuni wanirudishe.

Jana alitupeleka Apple Valley kwa gari lake. Bibi alilipakata sanduku njia nzima, ufunguo shingoni. Tukaonyeshwa chumba, kitanda, dirisha. Mhudumu akanyoosha mkono ampokee, Bibi akalivuta. Akakaa kwenye kiti kama dakika kumi, anatazama mlango. Kisha akamwambia Joel, "Sasa nirudishe nyumbani, nalo."

Joel akaanza, "Lakini Mama, tumeshalipia..." Akachukua ufunguo wa gari. Tukarudi Richfield.

Alilibeba mwenyewe hadi ndani, mimi nimemshika kiwiko. Akaliweka palepale nilipokuwa nimeliweka mimi. Akapitisha kidole juu ya jina. Akasema, "La kwanza kurudi."

Anahamia Alhamisi. Siku kaichagua yeye. Jina amekataa lifutwe, na mimi nitakuwa naenda kwake huko siku tatu kwa wiki.

Mwanao,
Makena


Nkubu
26 Machi 2024

Makena mwanangu,

Salamu, na umsalimie sana Bibi Edita. Goti halijambo.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nikavuta lile la bati kutoka chini ya kitanda, ambalo siku hizi naweka mbegu za maharagwe. Nikazimwaga kwenye gunia, nikalipangusa. Jina lako linasomeka bado, ila K imekwaruzwa. Nakutumia picha, mwonyeshe akitaka.

Kina mama walikuja alasiri. Simu yenye barua yako ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikawaambia mtoto ni mzima, Bibi anakula, nikawamiminia chai. Mama Griffins akasema, "Leo Mama Makena huna hadithi?"

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Mama yako