Matranka Mawili

Mingoyo,
18 Januari 1998

Mdogo wangu Fidelis,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo kwenye baridi. Sisi huku wazima, ila tumelowa. Mvua ya safari hii sijapata kuiona. Barabara ya Dar imekatika, mabasi hayapiti, na wewe unajua mgahawa wangu unaishi kwa abiria. Wanaokula ni madereva waliokwama, na dereva aliyekwama anakula kwa mkopo. Wewe je, kifua kimepona? Masomo ya mabomba ya maji yanakwendaje?

Nina jambo. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yametoka. Darasa la Debora lilikuwa na watoto sitini na wanne. Wamechukuliwa wawili. Debora alikuwa wa tatu, na mwalimu wake ameniambia hivyo kama ananipa habari njema. Nikamwuliza, "Mwalimu, wa tatu anapewa nini?" Akacheka. Mimi sikucheka. Mtoto alivua sare, akaikunja, akaanza kuosha masufuria bila kuambiwa, na mpaka leo anaosha. Anaosha vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Naona anazoea.

Kuna shule mpya ya bweni, ya kulipia, njia ya Masasi. Nilikwenda kuuliza. Laki moja na themanini kwa mwaka, na hapo hujanunua godoro, ndoo, jembe wala tranka. Ya serikali ni sabini elfu. Sahani ya wali na samaki inaniachia shilingi sitini. Kwa hiyo ada hiyo ni sahani elfu tatu, Fidelis, na barabara imekatika.

Halafu mimi leseni nalipa, ushuru nalipa, mchango wa madawati nimetoa. Shule nimeshailipia. Kwa nini niilipie mara ya pili? Bwana Moiz, ninakochukua mchele kule Lindi, ananiambia, "Mama Debora, siku hizi mambo yamefunguliwa." Binti yake Zoya anasoma Dar, analipiwa kwa dola. Yamefunguliwa kwake.

Wewe bwenini unaishi na watu wa kila nchi. Niulizie. Kwao shule za kulipia ni nyingi? Wanalipa kiasi gani? Nataka kujua kama naibiwa peke yangu au tunaibiwa wote.

Ni mimi dada yako,
Skolastika

*

Delft, Uholanzi,
15 Februari 1998

Dada Skola,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Huku mvua ni nyembamba lakini haina siku ya kupumzika. Barua yako nimeisoma mezani tukila, nikawatafsiria wenzangu, na ubishi uliozuka ukamalizika chakula kimepoa.

Majibu yako haya hapa. Hawa wenyeji wametushangaza wote. Shule zao nyingi si za serikali, ni za makanisa na vyama vya wazazi, ila mishahara ya walimu inatoka serikalini. Mzazi anachanga kidogo tu kwa ajili ya safari na sherehe. Kwa hiyo mtoto anasoma shule ya watu na halipi. Mganda anasema kwao shule ya msingi imefanywa bure mwaka jana, lakini sekondari mzazi anauza ng'ombe. Mkenya anasema wao walichangishana wakajenga wenyewe, kisha wakaanza kulipa ada ya kuingia katika walichojenga. Wa Bangladeshi anasema sekondari zao karibu zote ni za watu, serikali inasaidia mishahara. Wa Chile anasema kwao hela ya serikali inamfuata mtoto hata akienda shule ya mtu, na mwenye uwezo anaongezea juu, ndiyo maana wenye uwezo wanakaa na wenye uwezo.

Basi dada, huibiwi peke yako.

Sasa sikiliza. Mimi ni mjomba wa Debora. Kwetu mtoto wa dada si wa kuombewa radhi, ni wangu. Padri Valentini anarudi Lindi wiki ijayo, nimempa gilda mia tatu, zitafika kwenye laki moja hivi. Mpeleke mtoto njia ya Masasi.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Mingoyo,
29 Machi 1998

Mpendwa Fidelis,

Marahaba. Sisi wazima, barabara inapitika kwa kuomba Mungu. Padri amefika salama, amenenepa.

Nimesoma habari za Waholanzi mara tatu. Sasa hao wanaochanga hela ya safari na sherehe, mtoto wao akiwa wa tatu anakwenda wapi? Hukuniandikia. Nadhani hakuna wa tatu.

Hela yako sikuichukua. Nimemwambia Padri akae nayo. Usinune. Wewe unakula mikate mikavu huko ili uweke akiba ya kuezeka nyumba, halafu nichukue bati zako nimpe mtu aliyefungua shule juzi, ina madarasa mawili na kibao kikubwa kuliko madarasa? Mimi nilianza na sinia moja la maandazi hapo njia panda. Nikisema kitu kina bei mbaya, kina bei mbaya.

Nimepata njia nyingine ya Debora, haina ada kubwa. Mambo mengine hayakai vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo usiulize. Masufuria ameacha kuosha.

Dada yako,
Skolastika

*

Delft,
12 Juni 1998

Dada,

Shikamoo. Natumai mu wazima, mimi mzima.

Umeniambia nisiulize, nami nauliza. Debora yuko wapi? Nimemwandikia yeye mwenyewe barua na picha ya mifereji ya huku, hajajibu. Debora niliyemwacha alikuwa akijibu hata salamu ya mtu anayepita na baiskeli. Umempeleka kwa ndugu? Ameposwa? Dada, kama ni posa, niambie, mimi ndiye ninayeulizwa.

Mdogo wako asiyelala,
Fidelis

*

Delft,
4 Oktoba 1998

Dada Skola,

Shikamoo. Hii ni ya tatu bila jibu. Padri ameniandikia kwamba hela bado anayo na kwamba Debora haonekani kanisani. Juu ya hilo hakusema zaidi.

Sina ugomvi. Niandikie hata neno moja.

Mjomba wa Debora,
Fidelis

*

Lindi, dukani kwa Moiz,
11 Januari 1999

Mpendwa Fidelis,

Pole kwa kimya changu. Najua umenuna, na una haki. Tu wazima wote, nimeanza na hilo usije ukadondoka. Barua hii inakwenda kwa faksi ya Bwana Moiz, ananitoza kwa ukurasa, kwa hiyo sipambi.

Unajua mtoto haruhusiwi kurudia darasa la saba kwa jina lake. Kwa jina la mwingine anarudia, maana hakuna anayeuliza. Nilipata shule moja ya ndani huko, kijiji sikitaji. Mwalimu mkuu alikuwa na majina kwenye rejista yasiyokuwa na watoto. Moja ni Somoe Abilahi. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, shangazi akamchukua Kilwa Masoko kukaanga samaki. Mimi nikatoa gunia moja la mchele, Debora akawa Somoe. Gunia moja dhidi ya laki moja na themanini kila mwaka. Hesabu ilikuwa safi.

Ndiyo maana hakukujibu. Barua zako zina jina lake. Nilizificha. Kipindi cha dini alikuwa anapelekwa kwa maalimu pamoja na Waislamu wenzake, likizo amekuja anasoma Alhamdu bila kukwama, kwenye Baba Yetu anababaika.

Amefaulu, Fidelis. Ndiye pekee kijiji kizima. Sekondari ya serikali, bweni, sabini elfu.

Nilipika pilau. Siku chache baadaye akaja mzee mmoja mgahawani, kavaa kofia safi, kashika jogoo. Akaniuliza, "Wewe ndiye mama yake Somoe?"

Nikamwambia sina mtoto wa jina hilo.

"Basi ni wangu," akasema. "Mimi ni Abilahi. Nimesikia amefaulu, nimekuja kukushukuru."

Nilijiandaa kwa ugomvi, nikakosa pa kuuweka. Nikamwambia, "Mzee, tusidanganyane. Mtihani kaufanya mwanangu."

"Najua."

"Sasa wako kafaulu nini?"

"Jina lake limefaulu, mama. Nililompa mimi, na sina lingine la kumpa." Akaniambia amempelekea habari Masoko, na Somoe amepanda lori la chumvi, amefika kwao jana na vitu vyake vyote. "Hakuacha shule kwa ujinga. Aliacha kwa msiba."

Nikamwahidi magunia mawili. Akasema jogoo ni wangu, magunia ni yangu, kiti ni cha Somoe. Akaondoka hakugusa hata chai.

Nilikuwa na la kufanya. Mwalimu mkuu ananiogopa kuliko anavyomwogopa mzee. Nikimpeleka Debora siku ya kufungua shule akaripoti, nani atamtoa? Nikamwambia Debora afunge vitu. Akabaki amesimama. Akasema, "Mama, mpe kiti chake. Mimi nimechoka kuitwa nikachelewa kugeuka. Nikienda huko, siku ya wazazi wewe utakuja kumtazama nani?"

Nikaenda kuosha masufuria, mimi mwenyewe.

Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Neno la mwisho ni la mjomba. Namba ya faksi ipo hapo juu.

Dada yako,
Skolastika

*

Delft,
12 Januari 1999

Dada,

Shikamoo. Nimecheka kwanza, kwa vile yu hai, kisha nikakaa chini.

Hesabu yako iliweka ada upande huu na gunia upande ule. Debora hukumweka popote. Mwachie Somoe kiti. Debora aende njia ya Masasi kwa jina alilobatizwa. Chukua hela kwa Padri, nami naongeza. Bati zitasubiri, sijawahi kuona nyumba ikilia.

Mwambie asome barua zangu zote alizofichwa. Kuna moja ina picha.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Mingoyo,
21 Februari 1999

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa hao wenzako wa mezani. Sisi wazima, jua limerudi, mabasi yanapita, juzi samaki waliisha saa sita mchana.

Nilifanya ulivyosema. Debora alifanyiwa usaili kule njia ya Masasi, wakamchukua. Nikaenda kwa Bwana Moiz kununua tranka. Tuko pale tunavutana bei, naona mzee Abilahi nje, kwenye kivuli cha duka, na msichana mrefu kashika mfuko wa plastiki wa rambo. Nikatoka. Nikauliza shule wanafungua lini. Abilahi akasema, "Wamefungua Jumatatu." Ilikuwa Alhamisi.

"Sasa mnangoja nini hapa?"

Somoe ndiye aliyenijibu. "Shikamoo mama. Tunamngoja mtu wa korosho, aliahidi kutukopesha. Hajaja tangu jana."

Sabini elfu, Fidelis. Kiti alikipata, mlango wa kuingilia hana. Na mimi ndiye niliyemtoa Masoko alikokuwa anapata japo nauli yake, kwa gunia moja. Nilisimama pale juani nikipiga hesabu, na kila nilivyoipiga ilikuja jibu lilelile, jibu nisilolitaka.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Bwana Moiz, "Fanya matranka mawili, na bei ya jumla."

Akasema, "Mama Debora, jumla inaanzia dazeni."

Nikamwambia mimi nimenunua kwake mchele tangu Zoya anatambaa. Akatoa bei ya jumla na kufuli moja bure. La pili nimelilipia, asijisifu.

Fundi mmoja wa vibao ameyaandika majina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. DEBORA moja, SOMOE moja. Sare ya kijijini Debora amempa Somoe ya kulimia shuleni, imemtosha ila mikono. Nguvu za hesabu Somoe amepungukiwa, Debora amesema likizo atamfundisha, na tayari anamwamrisha kama mkwewe. Kule njia ya Masasi mwalimu wa zamu alipoita majina, wangu aliitika kabla hajaitwa vizuri, watu wakageuka.

Basi ndiyo hivyo. Nilikwepa ada moja, nimepata mbili. Laki moja na themanini na sabini ni laki mbili na nusu kila mwaka, kwa miaka minne. Nimegawa hivi, na usibishe. Debora ana mjomba, kwa hiyo huyo ni wako. Somoe hana mtu Ulaya. Huyo ni wangu, ni sahani elfu moja mia moja na sitini na saba kwa mwaka, nimeshaanza kuziuza.

Nina swali moja la kuwauliza wenzako mkishakula. Umeniandikia nchi ambako anayelipa ni serikali, na nchi ambako anayelipa ni mzazi. Huyu anayelipiwa na mama muuza wali wa njia panda, asiye ndugu yake, wao kwao wangemhesabu upande gani?

Abilahi ameleta jogoo wa pili. Sijui nimfanye nini, ananiamsha.

Ni mimi dada yako, mama wa wawili,
Skolastika