Supu ya Asubuhi ya Mtihani

Yeouido, Seoul
4 Novemba

Kwako dada yangu Geum-ju,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Se-ryeon. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyomweleza mama kwenye simu ya sikukuu ya Chuseok yamepungua. Mimi sijambo, ila macho yamekuwa mekundu kwa kukodolea kompyuta, na nimekonda kidogo, usimwambie mama. Wazee nao hawajambo. Huko nyumbani Jukbyeon ngisi wameshaanza kuanikwa, na mama analalamika kwamba kabichi zimepanda bei, lakini atachachusha kimchi ya vichwa mia moja vya kabichi kama kawaida yake, utadhani sote bado tunakaa nyumbani.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nikikuandikia kwenye simu unanijibu kwamba uko kazini unachomelea meli, na mambo yanaishia hapo. Hii angalau itabidi uifungue.

Huenda umeiona tamthilia ya Wasomaji wa Nyayo, ile ya Ijumaa na Jumamosi. Tuko waandishi watatu, na mimi ndiye wa tatu. Inahusu wale polisi wasiofukuza mtu kwa gari. Wao huketi na muuaji mezani, wakimsoma tabia mpaka ajitaje mwenyewe. Mkubwa wao ni Inspekta Noh, mwanamke anayefunga kamba za viatu mara mbili, asiyekaa akiupa mlango mgongo, na anayetafuna kifuniko cha kalamu akiwaza. Watazamaji wanampenda mno. Dada, huyo ni wewe. Nilikuchukua bila ruhusa, kwa sababu miaka kumi na tisa nimekukosa, na kila nikimwandikia maneno ya kusema nilikuwa nakusikia.

Kazi yenyewe ni ya mbio. Tunaandika huku tamthilia inaonyeshwa, na ukurasa ukitoka kwenye mashine bado una joto, waigizaji wanaukariri huku wakipakwa poda. Ili tusiandike upuuzi, tumepewa mshauri, Bwana Tak, mzee aliyefanya kazi hiyo ya kusoma wahalifu kwa miaka ishirini na mitano. Anakaa pembeni na chai yake ya shayiri, hasemi mengi. Siku moja aliwaambia waandishi wenzangu kwamba muuaji wao anaongea kama mbunge. Alinifundisha pia kwamba mtu hakamatwi kwa swali gumu. Unamuuliza jambo dogo, halafu unanyamaza.

Jumanne iliyopita alinifanyia hivyo mimi. Tulikuwa tunapitia sehemu ya mwisho, akaweka kikombe chini akasema kwamba katika kila ukurasa niliouandika kuna bakuli la supu mezani na hakuna anayeigusa. Akaniuliza, "Mwandishi mdogo, ile supu nani aliinywa?" Mwandishi mkuu, Bi Gwak, akacheka, akasema hata yeye ameshachoka kujiuliza kama hii ni tamthilia ya mauaji au kipindi cha mapishi. Wote wakacheka, nami nikacheka. Bwana Tak peke yake hakucheka, alikuwa ananyamaza tu. Nikaenda chooni nikalia.

Jumapili baba akanipigia. Huyu ndiye baba aliyesema kuandika tamthilia ni kazi ya watu wasiojua kuvua. Siku hizi, kwa maneno ya mama, anaisogelea runinga mpaka pua inakaribia kugusa kioo, na Inspekta Noh akitoka kwenye baridi bila koti anamgombeza: "Vaa koti, mtoto wewe, unataka kufa?" Alitaka kujua kama tutamuua mwishoni. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akasema kwamba hata wewe ungekuwa polisi kama huyo, kama si ukaidi wako, maana ni mtu gani anajipikia mwani siku ya mtihani.

Nikamuuliza anasema nini. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Siku matokeo yalipotoka alikumbuka uzi wa mwani aliouona umegandia kwenye sufuria asubuhi ile. Akauliza nani aliupika, na kabla mama hajafungua mdomo wewe ukajibu, "Ni mimi. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, nilitamani." Ndipo akakutamkia yale maneno, kwamba aliyeitupa bahati yake kwa mkono wake asiitafute tena chini ya paa lake. Kesho yake ukaondoka.

Dada, sasa niseme, maana nikiacha hapa sitaandika tena.

Mwaka ule mtihani wa polisi uliangukia siku yako ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani si siku ya kuzaliwa, lakini siku ya mtihani mwani ni mwiko, unateleza na mtahiniwa anateleza nao. Kwa hiyo mama aliufungia kabatini, akakununulia peremende za kunata ili bahati ikugande. Mimi nilijua anakoficha ufunguo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na wiki ile ulikuwa umenifurahisha, au ulidhani umenifurahisha, kwa kuniambia kwamba ukifaulu utahamia Seoul na chumba chote kitakuwa changu. Mimi sikutaka chumba. Nilikutaka wewe. Nikaukata mwani kwa mkasi, vipande vidogo kama kucha, nikautia kwenye supu yako ya soya, katikati ya spinachi, ili usionekane.

Uliimaliza yote. Ukanifinya shavu, ukasema leo supu ina utamu wake. Halafu ukafunga kamba za viatu mara mbili, ukatoka, na ukakosa kwa swali moja.

Miaka yote hii nilidhani umeondoka bila kujua. Lakini mtoto wa Jukbyeon, aliyekuzwa kwa mwani, atautia mdomoni asiujue? Ulijua tangu kijiko cha kwanza. Ukala, kisha ukanibebea kosa, ukalipeleka mpaka huko Geoje kwenye meli zako.

Nilimwuliza Bwana Tak kama mwani unaweza kumwangusha mtu. Alisema mtihani unaangushwa na majibu. Sawa, lakini kilichokutoa nyumbani si mtihani, ni yale maneno, na maneno yale yalikuwa haki yangu mimi. Nisamehe, dada.

Nimeshamwambia baba, kwenye simu ileile. Hakunigombeza. Aliniuliza nilikuwa na umri gani wakati ule, nikamwambia. Akasema ngoja akageuze ngisi, akakata simu. Ngisi wa Jumapili ile walikuwa wameshatolewa juani, mama ndiye aliyeniambia. Na jana mama akaniambia tena kwamba baba alirudi kutoka bandarini na samaki bapa watatu wakubwa, wale wa kupikia supu ya mwani, akawaweka kwenye friji na kumkataza asiwaguse. Akiulizwa ni wa nani, anasema friji ni yake. Lakini kwenye kalenda ya ukutani amezungushia duara siku yako ya kuzaliwa.

Nisalimie wenzako wa karakana, na uvae kitu cha joto kiunoni, baridi ya huko haina huruma. Njoo siku yako hiyo; mimi nitafika nyumbani siku moja kabla yako. Mwani nitauleta mwenyewe, na safari hii sitaukata.

Mdogo wako asiyeacha kukungoja,
Bang Se-ryeon